Uzi maalumu: Tuijue miti ya Dar kwa miguu yetu wenyewe, mtaa kwa mtaa

Mpanda Miguu (mleta uzi)

Wakuu, habari za wikiendi.

Kila mara humu kuna mtu anauliza Jumamosi asubuhi aende wapi Dar bila kutoboa mfuko. Mimi jibu langu ni hili, na nalitetea kwa moyo wote: panda mwendokasi, shuka Kivukoni, uanze kutembea ukiangalia miti. Huhitaji wa kukuongoza. Beba maji ya kunywa, kofia, na subira ya kusimama chini ya mti mmoja dakika kumi bila kushika simu.

Msimamo wangu nauweka mapema ili tujadili vizuri. Wengi wakianza wanataka kuijua miti yote siku hiyo hiyo. Wanapiga picha chungu nzima, programu ya simu inawatajia majina, kesho yake yameshapotea kichwani. Kinachofaa ni kuchagua njia moja fupi, miti mitano au sita, halafu uirudie njia hiyo hiyo wakati wa kusi, wakati wa vuli, wakati wa kaskazi na masika yakianza. Mbuyu uliouona umepukutika wote mwezi wa nane, ukiukuta mwezi wa kumi na mbili unaweza kuapa si ule. Mti hauujui mpaka umeuona mwaka mzima.

Njia ninayompa kila anayeanza ni hii. Kutoka Kivukoni panda hadi Bustani ya Mimea, Barabara ya Samora, jirani na Makumbusho ya Taifa. Wajerumani waliianzisha bustani hii mwaka 1893, na mkurugenzi wake wa kwanza alikuwa Franz Stuhlmann. Haikuwekwa kwa ajili ya watu kupunga upepo. Ilikuwa shamba la majaribio, kuona ni mazao gani ya biashara yatastahimili hewa ya pwani hii. Mwaka 1902 wakafungua kituo kikubwa cha utafiti Amani, kule Usambara, na ya Dar ikabaki kuwa bustani. Watu wengi huenda pale kutafuta mnazi wa Shelisheli, ule wenye mbegu kubwa kuliko mbegu zote duniani. Uangalieni kwa heshima zote, lakini msiishie hapo. Kaeni chini mtazame jinsi miti ya mabara mbalimbali ilivyosimamishwa bega kwa bega, kwa sababu jiji zima limejaa wageni wa namna hiyo. Mkrismasi asili yake Madagaska. Mwarobaini, mwembe, mkungu, mjohoro, yote imevuka bahari kutoka Asia. Mbuyu na mkwaju ndio wenyeji wa bara hili.

Ukitoka hapo teremka kuelekea baharini, ufuate barabara ya ufukweni ambayo wengi bado tunaiita Ocean Road ingawa siku hizi ni Barack Obama Drive, upite hospitali kongwe iliyofunguliwa mwaka 1897, uende taratibu hadi Daraja la Tanzanite. Angalizo zito: sehemu hiyo kuna Ikulu na majengo ya serikali. Usipige picha kuelekea huko, hata kama mti ulioupenda umesimama mbele yake. Picha utapiga mbele ya safari.

Nianze na mti mmoja tu ili muone ninachosema: mkungu. Upo kila kona, na ndiyo maana hakuna anayeuangalia. Simama mbali kidogo uone matawi yake yanavyotoka kwenye shina kwa ngazi, safu moja imelala chini, nyingine juu yake, kati ya safu na safu kuna uwazi. Sasa sogea. Majani yamekusanyika kwenye ncha za vijiti, mapana, membamba kwenye kikonyo. Ukifika wakati wa kupukutika utakuta jani moja lina rangi tatu kwa pamoja: kijani kwenye mshipa wa kati, njano pembeni yake, nyekundu iliyoiva ukingoni. Okota kungu lililokauka, lipige kwa jiwe kwa ubavu. Ndani kuna kokwa nyembamba nyeupe, tamu, na mtoto yeyote aliyekulia pwani anajua lazima upige kwa kipimo usije ukaisaga.

Leteni miti yenu.

Chuma Ukwaju

Nimeshika siti ya mbele kabisa. Mkuu uzi huu umechelewa sana kuja.

Mimi nakaa Kinondoni Mkwajuni na tangu nisome hapa nimeanza kuuliza wazee mkwaju wenyewe ulisimama wapi. Kila mmoja ananionyesha kona yake. Ila swali langu ni lingine: mtaani kwetu kuna miti miwili inafanana, wote wanaiita mwarobaini, lakini mmoja una maua ya zambarau hafifu. Je, ni mwarobaini wa aina nyingine?

Mpanda Miguu

Chuma Ukwaju, huo wa maua ya zambarau ni melia. Ni ndugu wa mwarobaini, ukoo mmoja, lakini si mwarobaini. Angalia jani. Mwarobaini una ufito mmoja, na vijani vimepangwa kushoto na kulia kwenye ufito huo huo. Kila kijani kimepinda, kina meno ukingoni, na pale kinaposhikana na ufito upande mmoja umekaa chini kuliko mwingine. Melia ufito wake unatoa vifito vingine, na vijani viko kwenye hivyo vifito vidogo. Maua ya mwarobaini ni meupe na madogo. Naomba sana mtu asichume majani ya melia akachemsha kwa ajili ya dawa, matunda yake yana sumu.

Na hilo la Mkwajuni ni wazo zuri sana, tulichukue wote. Anayekaa Mikocheni, Mwembechai, Mwembeyanga, Mivinjeni, Mikoroshini, aende akaulize. Kama mti upo, atueleze ulivyo. Kama haupo, atueleze ni nini kimesimama pale.

Bi Mkubwa wa Upanga

Wanangu, nimefurahi kuona vijana mnazungumza miti.

Upanga niliyokulia ilikuwa na kivuli kutoka nyumba hadi nyumba. Zambarau zikiiva barabara inakuwa na madoa, na sisi tukirudi shuleni na ndimi nyeusi mama hahitaji kuuliza tumepita wapi. Sasa nyumba moja yenye mizambarau na mwembe inauzwa, inabomolewa, linasimama ghorofa ukuta kwa ukuta, na hapabaki hata shubiri moja ya udongo. Silaumu watu kujenga. Watu wanataka pa kukaa. Ninachouliza ni kwa nini hata ule mti wa nje ya uzio, ulio barabarani, nao uondoke.

Na kuna jambo jingine linaniuma. Mnamwaga zege hadi kwenye shina. Mti wangu mmoja hapa nje walitandaza vitofali vya barabara vikaubana shingo, wala hawakuuachia mahali pa maji kupita. Ukipita muitazame miti kwa chini pia, si kwa juu tu.

Mpanda Miguu

Shikamoo mama. Asante kwa kuandika.

Hilo la chini ya shina ni muhimu na wengi hatulitazami. Mizizi nayo inapumua, inataka hewa na maji vyote viwili. Zege likibana, mti haufi mwezi huo huo. Unaanza kukauka ncha za matawi ya juu, mwaka unaofuata tawi zima, na watu wanasema umezeeka. Ukiona mti mkubwa umekauka juu wakati chini bado una majani, tazama shina lake limezungushiwa nini. Duara la udongo wazi, lenye upana wa mita moja tu, linasaidia sana, na ni kazi ambayo mwenye duka au mwenye nyumba anaweza kuifanya bila kumsubiri mtu yeyote. Hata misumari ya matangazo ya waganga na madalali, tuiondoe kwa upole, na mwenye tangazo tumwambie atumie ukuta.

Mizambarau bado ipo Upanga, mama. Ukitaka kuwa na hakika ni wenyewe, shika jani ulielekeze kwenye jua: karibu na ukingo kuna mshipa mwembamba unaozunguka jani lote sambamba na ukingo. Ulisugue, lina harufu.

Mtu wa Ng'ambo

Assalaam alaykum. Na sisi Unguja tuingie kidogo.

Mgeni akishuka bandarini akafuata barabara ya Mizingani, hatua chache tu anaukuta Mtini Mkubwa. Ulipandwa na Sultan Khalifa mwaka 1911. Ni ile aina ya mitini inayoteremsha mizizi kutoka matawini, ikifika ardhini inanenepa inakuwa nguzo. Chini yake watu wa mashua wanakaa mchana kutwa, mafundi nao wanapata kivuli. Nnawaambia, ukitaka kuona mti mmoja unavyobeba riziki za watu wengi, nenda ukae pale baada ya alasiri.

Mji Mkongwe wenyewe vichochoro ni vyembamba, miti haina pa kusimama. Ndiyo maana kila mti uliopo kila mtu anaujua.

Kanairo

Watu wa pwani mko sawa kabisa. Hapa Nairobi matembezi ya miti yananoga Septemba hadi Novemba, mijakaranda ikichanua. Mti wenyewe umetoka Amerika Kusini lakini mtu akikuambia Nairobi bila jakaranda hutamwelewa.

Nimesoma hiyo ya Bustani ya Mimea ya 1893 nikakumbuka Arboretum yetu, bustani yetu ya miti. Ilianzishwa 1907 kujaribu miti inayokua haraka, kwa sababu reli ilikuwa inakula kuni. Kumbe miji hii yote miwili ilijaribishiwa miti kwa sababu za watu wengine, na leo sisi ndio tunakaa kwenye kivuli.

Mti wa kwenda kuona hapa ni ule mugumo, aina ya mtini, wa Waiyaki Way, Westlands. Barabara ya juu ilipokuwa inajengwa ilibidi utolewe. Watu wakapiga kelele, na Novemba 2020 ikatoka amri ya rais kwamba ubaki. Urefu wake ulikadiriwa kama jengo la orofa nne, umri zaidi ya miaka mia. Barabara ipo, mugumo upo. Nikipita na matatu huwa naangalia upande ule kila mara.

Mpanda Miguu

Kanairo, huo mugumo ni ushahidi ambao tunauhitaji sana huku. Watu wakiujua mti kwa jina na kwa mahali, wanapata cha kusema siku mashine ikija. Mti usiojulikana unaondoka usiku mmoja na asubuhi hakuna hata anayejua palikuwa na nini.

Mwana Ujiji

Naomba msisahau bara. Ukija Ujiji utakuta miembe mikubwa iliyofuata njia ya misafara, ile iliyokuwa ikitoka pwani kupitia Tabora. Chini ya mwembe hapa ndipo Stanley alipomkuta Livingstone mwaka 1871, na pale penye kumbukumbu bado pana miembe. Lakini kwenye njia hiyo hiyo walipita watu waliofungwa minyororo, wakipelekwa pwani kuuzwa. Mimi nikikaa chini ya miembe ile nawafikiria wao kwanza.

Ukitembea Ujiji tembea pole pole, na ukiona mwembe wenye shina la kuzungukwa na watu wanne walioshikana mikono, msalimie mwenye nyumba na umuulize. Atakuambia.

Mwalimu wa Msasani

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, na nina nia ya kuwatoa wanafunzi darasani kwenda kuiona mibuyu ya Msasani na Oysterbay. Naomba msaada kwa mambo mawili. Kwanza, watoto wataniuliza mbuyu una miaka mingapi, niwajibu nini? Pili, kuna mti au mmea gani wa kuwakataza wasishike?

Mpanda Miguu

Mwalimu, umenipa raha. Naanza na la pili kwa sababu ni la usalama.

Manyara, ile ya uzio, isiyo na majani bali vijiti vya kijani. Ukivunja kijiti unatoka utomvu mweupe, na utomvu huo ukiingia jichoni unaunguza vibaya sana, unaweza kumwacha mtoto haoni. Wakatazwe kabisa kuvunja. Halafu ganda la korosho bichi, mafuta yake yanababua ngozi. Mengineyo, kanuni iwe moja: hakuna kuonja kitu ambacho mwalimu hajakitaja.

Sasa mbuyu. Umri wake haukadiriwi kwa kutazama unene, na hata pete za ndani ya shina hazitegemeki, kwa kuwa shina la mbuyu ni laini, limejaa maji, na mara nyingi ndani huwa na uwazi. Wataalamu hupima kwa radiokaboni, kipimo cha maabara cha kujua umri wa vitu vya kale. Kule Zimbabwe kulikuwa na mbuyu uitwao Panke, uliopimwa ukakutwa umeishi takriban miaka 2,450 kabla haujafa. Ya kwetu usiwatajie watoto namba. Waambie wapime mzunguko kwa kamba, waandike na tarehe, darasa litakalokuja lipime tena. Hapo mtakuwa na rekodi yenu wenyewe.

Wapeleke pia watazame ngozi ya shina. Mbuyu ukichunwa gamba unalirudisha, ndiyo maana mwingi utauona una makovu ya zamani yenye mikunjo. Miti mingi ukiichuna gamba kuzunguka shina lote, inakufa. Na kama mkipata mche, waonyeshe majani yake: ni jani moja moja, halijagawanyika vidole. Vidole vinakuja mti ukishakua. Watu wanang'oa miche ya mibuyu kwa kutoijua, kwa sababu haifanani na mama yake.

Ua lake ndilo zawadi kubwa, ingawa si la saa za shule. Kati ya Oktoba na Desemba nenda jioni, jua likishazama. Ua linaning'inia kwa kikonyo kirefu, jeupe, petali zake zimejikunja nyuma, katikati kuna fundo la nyuzi nyingi za chavua. Linafunguka giza likiingia na harufu yake ni nzito, ya kumwita popo. Popo ndiye anayebeba chavua kutoka mti hadi mti. Kesho yake ua limeanza kugeuka kahawia, na utalikuta chini. Mzazi anayeweza kumpeleka mwanawe jioni moja amsaidie mwalimu.

Chuma Ukwaju

Mkuu hujatumalizia njia. Uliishia Daraja la Tanzanite.

Mpanda Miguu

Kweli, nimalizie.

Kwenye ufukwe tafuta mivinje. Utadhani ina sindano kwa majani, lakini hizo ni vijiti, na majani yenyewe ni vimeno vidogo mno vinavyozunguka kila kiungo. Shika kijiti kimoja ukivute, kitaachia kwenye kiungo. Ukitazama kwa makini pale kilipoachia utaona hivyo vimeno. Mvinje unakubali mchanga usio na rutuba kwa sababu mizizi yake inaishi na vijidudu vinavyouchukulia naitrojeni hewani. Ukichoka kaa chini yake usikilize upepo wa kusi ukipita. Sauti ya mvinje hakuna mti mwingine unayo.

Kisha nenda Daraja la Salenda, utazame upande wa bara, mdomo wa Msimbazi. Nenda maji yakiwa yamekupwa. Huo wote ni msitu wa mikoko, katikati ya jiji, na magari yanapita juu yake kutwa nzima. Mchu utaujua kwa mizizi iliyochomoza wima kutoka topeni pande zote za shina. Hiyo ndiyo inayovuta hewa, kwa kuwa tope halina. Jani lake upande wa chini ni jeupe jeupe, na chumvi linaitoa nje: ulambe juu ya jani uone. Mkoko wenyewe unasimama kwa mizizi iliyopinda kutoka shinani, na mbegu yake inaota ingali juu ya mti, inarefuka kijani, halafu inadondoka ikiwa tayari mche. Taka za plastiki zinazoletwa na mto zinanaswa pale kwenye mizizi ya mchu na kuifunika. Siku mtakayoona wenyewe mtaelewa kwa nini nasema kundi la usafi likienda Msimbazi lianze hapo.

Bi Mkubwa wa Upanga

Mwanangu, nina swali na mimi. Kuna mti karibu na msikiti, shina lake refu limenyooka, lile changa lake lina miiba minene. Kiangazi unabaki hauna jani hata moja, halafu maganda yanapasuka na barabara inajaa vitu vyeupe vinapeperuka. Wajukuu wananiuliza.

Mpanda Miguu

Mama, huo ni msufi. Hayo meupe ndiyo sufi yenyewe, ile iliyokuwa ikijazwa kwenye magodoro na mito zamani kabla ya sponji. Waambie wajukuu waokote ganda moja kabla halijapasuka, waliweke juani ndani ya mfuko wa wavu. Likifunguka watakuta mbegu nyeusi ndogo zimezungukwa na zile nyuzi. Nyuzi hizo hazinyonyi maji, na ndiyo maana zimewahi kujazwa kwenye maboya ya kuokolea watu baharini. Halafu waende kutazama mti wenyewe majani yanaporudi: yamegawanyika vidole, yanatoka kwenye kikonyo kimoja. Walinganishe na ya mbuyu, maana ni watu wa ukoo mmoja.

Tafadhali mama, ukiweza, tuambie na mtaa. Nitaupitia nikienda Upanga.